Maji Yasiyo na Mkono

Enzi zetu hapa Goma, mtoto akirudi kutoka shule hakuulizwa kama amechoka. Alipewa bidon, dumu la kuchotea maji. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, zimepandwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo yalikula viatu vyetu kabla muhula haujafika katikati. Tuliruka kamba iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, tukajipaka vumbi mpaka mama zetu wakashindwa kujua nani ni wa nani, kisha tukateremka Kituku kuchota maji ziwani, tukapanda nayo kichwani huku tukinusa sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wanakaangwa kando ya barabara. Usiku ilikuwa fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, na Jumapili, kama Mungu amependa, kipande cha jibini la Masisi kilichokatwa chembamba hata ungeweza kusoma katekisimu kupitia kwacho. Mtoto wa leo ukimtuma maji anauliza robinet, bomba la nyumbani, imepatwa na nini. Kwa hiyo nikiwaambia wanangu kwamba utotoni mwangu, kwa muda mrefu, kazi yangu ya nyumbani ilikuwa kuwa bahari, wanaangaliana tu.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa watatu: kaka yangu Paluku, mimi Kahindo, na mdogo wetu Kavira. Sisi watatu tulikuwa bahari ya Hindi, upande wa Goma.

Aliyeileta ni Papa. Papa alikuwa Munande aliyekulia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edouard. Baba yake alivua samaki, mama yake aliwakausha, yeye aliwauza. Kwao samaki alikuwa na safari moja tu, kutoka wavuni hadi sufuriani. Alipokuwa mtu mzima akaanza biashara ya magodoro, akawa anayafuata mpaka Mombasa. Siku moja huko, akikimbia mvua, aliingia dukani kwa mtu fulani akakuta sanduku kubwa la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe, mawe ya bahari, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

“Nilisimama pale kama mutu ameingia kanisa,” alitusimulia. “Nikamuuliza mwenye duka, hawa munawapika namna gani? Akacheka sana. Akasema, hawapikwi, bwana. Wanaangaliwa.”

Neno hilo lilimwingia Papa kama homa. Wanaangaliwa! Mtoto wa Vitshumbi hakuwahi kusikia samaki mwenye bahati kama hiyo. Safari ile magodoro yalibaki nyuma, Papa akaja na bahari. Kioo kilifungwa katika mablanketi juu ya lori. Samaki wawili na vipande vya matumbawe alivipakata mwenyewe ndani ya basi, kwenye sanduku la barafu lisilo na barafu, akiyapigia maji hewa kwa pampu ya baiskeli. Alipochoka, abiria waliokaa karibu naye walimpokea pampu, wakapokezana hivyo mpaka Kampala. Mpakani afisa alifungua sanduku, akaangalia, akafunga.

“Muzee,” akamwambia, “unaleta samaki Goma?”

“Hawa si ya kukula.”

Afisa alimwangalia kwa huruma, akampungia mkono apite.

Kioo kiliwekwa salon, yaani sebuleni, mahali palipokuwa kabati la vyombo la Mama. Papa alikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, akayachuja kwa kitambaa, akamimina chumvi ya bahari aliyoileta katika mfuko, huku akipima kwa kimrija cha kioo kilichoelea. Majirani walijaa mlangoni. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akiuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, aliangalia akashindwa kunyamaza.

“Papa Paluku, mie nauza makayabu miaka yote. Chumvi tunatia wakisha kufa. Wewe mbona unaanza mapema?”

Watu walicheka mpaka mbao za ukuta zikalia. Mama hakucheka. Mama alikuwa na kibanda chake cha mandazi kwenye kona ya avenue, na inzi wa Goma walikuwa wanayafahamu mandazi hayo kuliko wateja. Alikizunguka kile kioo polepole, akakipima kwa viganja vyake, urefu na upana.

“Sawa,” alisema. “Wakae. Lakini wakikufa, hii vitre ni yangu. Natia mandazi.”

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Mama alichungulia wale samaki kama mtu anayesubiri nyumba ya kupanga iachwe wazi.

Na kwa kweli mambo hayakwenda vizuri. Matumbawe, ambayo Papa alituambia ni wanyama wala si maua, yalikuja yamefungua vidole vyao vidogo laini, lakini baada ya siku chache vilijikunja. Mawe yakaota utelezi wa kahawia. Samaki walikaa kona moja, karibu na juu, wakitweta. Kulikuwa na pompi ndogo ya kusukuma maji, ila ilitaka umeme, na umeme wa mtaa wetu ulikuwa kama mjomba tajiri: unasikia habari zake, humwoni. Papa aliacha kula. Alipanda juu ya rundo la mawe nyuma ya choo, mahali pekee ambapo telefoni yake ilishika réseau, akampigia mwenye duka wa Mombasa. Tulisimama chini tukisikiliza. Sauti ilikatika, ikarudi, ikakatika. Papa akashuka, uso umebadilika kabisa.

“Nimejua ugonjwa,” akasema. “Amesema maji yetu haina mukono.”

“Haina nini?” Mama akauliza.

“Mukono! Amenieleza vizuri. Tumbawe imefungwa ku jiwe, haiwezi kwenda kutafuta chakula. Chakula njo inapashwa kuifuata. Ndani ya bahari maji inaenda, inarudi, inaenda, inarudi. Yetu imelala. Amerudilia mara mingi: bwana, maji yako hayana mukono, tia mukono!”

Hivyo tukatia mikono.

Papa alipanga zamu. Baada ya shule, aliyekula kwanza aliingia kwanza. Ulinawa mpaka kwenye kiwiko bila sabuni, ukapanda juu ya kiti, ukatumbukiza mkono na kuupeleka taratibu, kushoto, kulia, kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. Paluku alikuwa na nguvu kupita kiasi, akawa dhoruba, akaondolewa upande wa matumbawe. Kavira alikuwa mfupi, mkono wake ulifika juu tu, kwa hiyo akapewa kazi ya kuvuruga uso wa maji ili hewa iingie. Mimi nilikuwa wimbi la katikati. Papa alikaa kwenye fotei, mikono magotini, akituongoza: “Polepole, Kahindo. Wimbi haliko na haraka. Halijaitwa na mutu.”

Samaki wale hawakuwa na shukrani. Yule mkubwa aliamua kwamba mikono yetu ni wezi, akawa anatuuma. Meno yake hayakuwa kitu, lakini fikiria kuumwa na kitu ambacho wewe ndiwe bahari yake. Vidole vyetu vilikunjamana kama vya vibibi. Tulinuka chumvi, mbuzi wa mtaani wakawa wanatufuata kutulamba. Shuleni mwalimu alituuliza kila mmoja aseme anamsaidia nini mzazi wake nyumbani. Wenzangu wakasema: nafagia, napika, nabeba mtoto. Ikafika kwangu.

“Mimi ni bahari, mwalimu.”

Nilipigishwa magoti mpaka kengele. Papa alipokwenda shuleni kunitetea, alieleza habari ya mkono kwa moyo wote, akionyesha kwa mikono yake miwili mbele ya direkta. Direkta akamsindikiza mpaka barabarani, akamtakia nguvu.

Kuna wakati Papa alifikiria kutupumzisha kwa kutumia chukudu. Msioijua Goma, chukudu ni baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, inayobeba magunia ya viazi na makaa kutoka Kibati mpaka sokoni. Wazo lilikuwa kupandisha kioo juu ya chukudu na kuisukuma mbele na nyuma salon, ili bahari yote itembee pamoja. Kwa bahati alijaribu kwanza kwa beseni la maji matupu. Chukudu ilikwenda mbele vizuri sana. Ilipofika wakati wa kurudi, beseni halikurudi. Mama alitoa mikeka yake nje kuianika, na siku ile hakuzungumza na mtu mwingine isipokuwa kuku.

Mikono yetu ilisaidia, lakini kidogo tu. Vidole vya matumbawe vilifunguka nusu. Tulipoacha ili tukalale, vikajikunja tena. Kisha magodoro yakamwita Papa Mombasa. Aliondoka kama mtu anayeacha wagonjwa hospitali, akitugeukia kila hatua: “Mukono! Musisahau mukono!” Nyumba akamwachia Mama, na Mama akamwita mdogo wake, mjomba wetu Tonton Mbusa, aje akae kwetu kama mwanaume wa nyumba.

Tonton Mbusa alijiita électricien, fundi wa umeme. Alikuwa na tournevis, bisibisi yake, mfukoni mwa shati, mahali ambapo wengine huweka kalamu, na redio zote alizowahi kuzitengeneza zilikuwa bado nyumbani kwake.

Jumamosi moja mchana telefoni ya Mama, aliyoiacha juu ya mawe nyuma ya choo ili ishike réseau, ikalia. Mama alikuwa kibandani, kwa hiyo Tonton ndiye aliyepanda juu ya mawe, na sisi tukasimama chini. Papa alikuwa dukani Mombasa, ana kwa ana na yule mwenye duka, na ukweli ulikuwa umefichuka. Yule bwana hakusema mkono. Alisema *mkondo*. Kiswahili cha pwani! Mkondo wa maji. Na Papa, kwa furaha ya kuelewa mwishowe, alilitafsiri neno hilo kwa lugha ya kwetu na kupiga kelele mpaka tukamsikia tuliokuwa chini:

“Haikuwa mukono! Ni courant! Mutie courant ndani ya maji! Pande mbili! Courant ya kushoto na courant ya kuume!”

Simu ikakatika.

Nyinyi wasomaji wangu wa Goma mmeshaona mahali tunapokwenda. Mzungu analo neno moja kwa maji yanayokwenda na kwa umeme, na kwetu mtaani neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Ukisema courant, watu wanaangalia taa. Tonton Mbusa alishuka kutoka juu ya mawe kama Musa.

“Nilijua,” akasema. “Nilijua tangu mwanzo hii samaki inakosa courant.”

“Tonton, watakufa,” Paluku akamwambia.

“Wewe umesoma électricité wapi?”

Umeme wa mtaa haukuwapo, na namshukuru Mungu kwa kila siku ya giza tuliyopata katika mtaa ule. Tonton alifungua betri ya pikipiki ya jirani, akaileta salon, akachuna nyaya mbili kwa meno, moja akaitumbukiza kushoto, nyingine kulia, sawasawa kama alivyoagizwa. Mara mapovu yakaanza kupanda kutoka kwenye waya, mengi, membamba, kama fanta. Tonton akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani.

“Munaona? Bahari imeamuka.”

Kisha ikaja harufu. Harufu ya javel, ile ya kufulia mashuka meupe, kali, ya kuchoma pua. Samaki mkubwa, mwuma mikono, alilala ubavu. Matumbawe yalijikunja yote kwa pamoja kama ngumi. Kavira akaanza kulia kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo, na sauti hiyo ilifika kibandani.

Mama aliingia mbio, unga umejaa mikononi. Hakuuliza kitu. Alizing'oa nyaya, akamsukuma Tonton mpaka kwenye fotei, akainama juu ya kioo. Nilidhani anapima nafasi ya mandazi. Wasaa ulikuwa umefika, wapangaji wanatoka. Lakini Mama alivua saa yake, akatia mkono mpaka begani, akamwinua yule samaki kwenye kiganja, akawa anampeleka mbele na nyuma ndani ya maji ili yampite kinywani.

“Pumua,” akamwambia. “Pumua, mutoto ya watu.”

“Mama,” Kavira akauliza kwa kwikwi, “si ulitaka vitre?”

“Mandazi itangoja. Hakuna mutu anakufa ku nyumba yangu leo.”

Kisha akaanza kutoa amri. Paluku alikimbia kuchota maji ya mvua kwenye pipa. Mimi nilichanganya chumvi, nikipima kwa kile kimrija cha Papa. Tulichota maji yale mabaya kwa sufuria na kumwaga uani, tukamimina mapya polepole kando ya kioo. Mama aliponyoosha mkono nyuma ya mawe ya bahari akashangaa. Papa alikuwa ameyapanga kama ukuta, yameegemea kioo cha nyuma kabisa, na huko nyuma uchafu ulikuwa umejaa, mzito, mweusi.

“Kumbe!” Mama akasema. “Iko kama nyuma ya kitanda ya Paluku. Mutu anaweza kufagia namna gani kitu imebanwa ku ukuta?”

Akayavuta mawe yote mbele, akayasimamisha kwa nafasi nafasi, yakawa kama miguu ya meza, maji yaweze kupita chini na nyuma. Bila kujua, alikuwa amefanya nusu ya kazi ambayo mikono yetu yote haikuiweza.

Lakini samaki mkubwa bado alikuwa mlegevu, na sisi tulikuwa tumechoka. Ndipo kwaya ikafika. Jumamosi wamama wa kwaya ya parokia walifanyia mazoezi kwetu uani, na siku hiyo walifika wamevaa vitenge vyao, wakamkuta Mama, kiongozi wao wa sauti ya kwanza, amelowa mpaka kifuani, anamsemesha samaki.

“Mama Paluku, tuimbe ao turudi?”

“Muimbe,” Mama akasema. “Lakini munawe kwanza.”

Sijawahi kuona tena kitu kama hicho. Waliingia salon kwa zamu, wamenawa mikono, sauti ya kwanza upande wa kushoto, sauti ya pili upande wa kuume, na waliobaki wakaimba kutoka uani kupitia dirisha. Mama alisimama kwenye kiti akiongoza. Wa kushoto walipoimba walisukuma maji. Walipopumua, wa kuume walisukuma. Wimbo ulikwenda na kurudi, na maji yakaenda na kurudi. Hayakuzunguka tu kama uji, kama yalivyozunguka chini ya mikono yetu. Yalifika kona zote, yakapita nyuma ya mawe, yakapiga juu na kuvunjika. Mama mmoja mnene wa sauti ya pili alikuwa anatokwa na machozi, akasema ni chumvi.

Ilikuwa bado mchana, jua limeingia mlangoni mpaka kwenye kioo, Kavira alipopiga kelele. Tumbawe moja lilikuwa limefungua kidole. Kikafuata kingine. Polepole ngumi zote zikafunguka, vidole laini vikawa vinayumba na wimbo, kushoto, kulia. Kisha samaki mkubwa akajiweka sawa, akapanda juu, akamuuma Mama kidole.

“Aksanti Yezu!” Mama akapiga kelele, na uani vigelegele vikapasuka.

Papa alirudi na pompi mbili, panneau ya jua na betri kubwa ya lori. Tonton Mbusa hakuruhusiwa kuvigusa, ingawa mpaka leo anasema povu lilikuwa lake. Papa alizifunga pompi mwenyewe kwa subira, moja kila upande, zimeelekezwa juu kidogo ili zivunje uso wa maji, hakuna iliyolipulizia tumbawe moja kwa moja, akatia na kifaa kidogo cha kuzipokezanisha, moja ikipumzika nyingine ikisukuma. Alikaa chini akaangalia maji yakienda yenyewe, yakirudi yenyewe.

“Sasa,” akatuambia, “muende mucheze.”

Tukatoka nje. Tulisimama juu ya mawe meusi na mikono yetu mikavu, hatukujua tuanzie mchezo gani. Jioni nilimkuta Papa amepanda kiti, amekunja shati, ametia mkono majini karibu kabisa na pompi. Hakuwa anafanya kitu. Mama naye alikuwa ameleta kiti chake karibu, sahani ya mandazi mapajani, akiangalia.

Wale samaki waliishi mpaka Paluku akaoa. Kwaya iliendelea kuomba ifanyie mazoezi salon, ikisema uani kuna vumbi.

Siku hizi Goma ina umeme kuliko zamani, na vijana wetu wanajua Kiswahili cha pwani, Kifaransa, Kiingereza na lugha nyingine ya kuandika kwa vidole viwili tu, kwa hiyo hakuna atakayechanganya mkono na mkondo. Nawasifu. Mwanangu ana bahari nzima ndani ya telefoni yake: matumbawe, samaki wa kila rangi, hata sauti ya mawimbi ya kumlaza. Haimuumi, haimlowanishi, haijawahi kumpigisha magoti shuleni. Anaiangalia peke yake chumbani, mlango umefungwa. Ikizimika, anaichomeka ukutani na kulala. Yetu ilipozimika, betri ikiisha nguvu, Papa aliita majina yetu kutoka mlangoni, na sisi tulikuja mbio.